Kalenda ya mwaka 5787 kwa Kiswahili: shajara ya mradi

Januari 2026

Kazi imeanza. Tunatengeneza kalenda ya ukutani ya mwaka wa Kiyahudi 5787, unaoanza Septemba 2026, yote kwa Kiswahili, pamoja na programu ndogo ya simu itakayotoa saa za Sabato kwa Nairobi na Mbale, Uganda. Mimi nashika hesabu na programu, mchoraji yupo, na yupo mwalimu wa dini wa sekondari hapa Mombasa ambaye ndiye aliyelizua jambo lenyewe. Hakuna Myahudi kati yetu. Mambo ya dini yatapitiwa na mzee mmoja wa Nairobi, mtu wa sinagogi tangu utotoni. Tumekubaliana kwamba ukurasa asioupitisha yeye hauchapwi.

Mwalimu alitaka kijitabu: sura ya imani, sura ya ibada, sura ya mila, maswali mwishoni. Nilimpinga. Imani zipo, hilo halina ubishi: Mungu mmoja asiye na mwili wala mfano, Tora (Taurati) iliyotolewa Sinai, malipo ya mema na mabaya, Masihi anayengojewa, wafu kufufuliwa. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, alizipanga zikawa misingi 13, na hadi leo huimbwa katika masinagogi mengi. Lakini kwa sheria yao ya asili mtu ni Myahudi kwa kuzaliwa na mama Myahudi, au kwa kuongoka mbele ya baraza la marabi. Hakuna orodha anayokiri ndipo aingie. Kinachomkamata ni amri, 613 kwa hesabu ya mapokeo, na zile zinazogusa maisha yake ya kila wiki zina saa yake na tarehe yake. Ukitaka kujua anaamini nini, mtazame Ijumaa jua linapoanza kushuka.

Mwalimu akasema sawa, ila lazima ukurasa wa nyuma uwe na hiyo misingi 13. Haya, ipo.

Februari

Kiini cha hesabu kimekamilika na kinafanya kazi. Mwezi wa Kiyahudi unahesabiwa kuwa siku 29, saa 12 na visehemu 793, saa moja ikiwa na visehemu 1,080. Hesabu hii ni ya kale, ya kabla ya darubini, na bado inapishana na mwezi halisi wa angani kwa chini ya sekunde moja. Mapokeo yanasema Hillel wa Pili ndiye aliyeitangaza kalenda hii ya hesabu katika karne ya 4. Mimi nimeiandika kwa mistari michache ya msimbo na ikanitoa jasho.

Ugumu haupo kwenye mwezi, upo kwenye mwaka. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Sisi tuliokulia Pwani tunayajua matokeo yake bila kufundishwa: Ramadhani tumeifunga Desemba, tumeifunga Julai, na mwaka huu inaingia Februari hii hii. Uislamu uliipiga marufuku desturi ya kuongeza mwezi, kwa hiyo miezi yake inazunguka misimu yote. Wayahudi hawawezi kufanya hivyo, maana Tora inataka Pasaka iangukie majira ya kuchipua kwa nchi ya Israeli, shayiri inapokomaa. Wakaongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Piga mwenyewe: 19 mara 11 ni 209, na miezi 7 ya siku 30 ni 210. Mwezi unaorudiwa ni Adari.

Mwaka 5787 ni mmojawapo wa hiyo miaka mirefu. Una siku 385 na miezi 13. Mchapaji alipouliza ni kurasa ngapi nikamwambia 13, akacheka, akadhani namtania. Mashine yake imepangiwa kalenda za kurasa 12, kwa hiyo ukurasa wa ziada una bei yake.

Sheria nyingine iliyonifurahisha: mwaka mpya hauruhusiwi kuanza Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ukianza Jumatano, Siku ya Upatanisho inaangukia Ijumaa; ukianza Ijumaa, inaangukia Jumapili. Vyovyote vile zinafuatana siku mbili za kutofanya kazi, na Talmudi, kitabu chao kikuu cha mijadala ya sheria, inataja kilichowasumbua: mboga zitanyauka na maiti atangoja siku mbili bila kuzikwa. Kwa ajili ya maiti na mchicha, mwaka mzima unasogezwa siku moja mbele. Jumapili ilizuiwa kwa sababu tofauti, inayohusu matawi yanayopigwa siku ya saba ya sikukuu ya Vibanda. Nimeyaandika yote matatu katika maelezo ya programu, hata kama hakuna atakayeyasoma.

Machi, siku za Idd

Kama kawaida, mji umegawanyika: kuna wanaofuata mwezi ulioonekana popote, kuna wanaosubiri uonekane kwetu. Kwa mradi huu mabishano yamekuja wakati mwafaka kabisa, kwani nilikuwa sijui namna ya kumweleza msomaji kwa nini sikukuu za Kiyahudi huwa siku moja Israeli na siku mbili kwingineko.

Sasa maelezo nimeyapata. Zamani mwezi wao nao ulikuwa wa kuonekana. Mashahidi walifika Yerusalemu, baraza likawahoji mmojammoja: uliuona upande gani wa jua, pembe zake zimeelekea wapi, ulikuwa na kimo gani? Wakiridhika, wanatangaza mwezi umeandama. Kisha moto ukawashwa juu ya mlima, wa mlima wa pili wakauona wakawasha wao, na hivyo hivyo hadi Babeli. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria za mapokeo, inasimulia kwamba Wasamaria walianza kuwasha mioto ya uongo ili kuwavuruga, ikabidi watumwe wajumbe wa miguu. Mjumbe hafiki Babeli kabla ya sikukuu. Basi walio mbali wakaadhimisha siku mbili kwa tahadhari, na hata baada ya hesabu kuchukua nafasi ya macho hawakuacha, kwa sababu ni desturi ya mababu. Wayahudi wa mrengo wa Mageuzi wengi wamerudi kwenye siku moja. Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria ya asili, nje ya Israeli wameshika mbili.

Mwaka mpya ni mbali na hayo: ni siku mbili kila mahali, hata Yerusalemu kwenyewe, kwa kuwa unaangukia siku ya kwanza ya mwezi na hakuna aliyekuwa na muda wa kupata habari.

Mwalimu amelijaribu somo hili kwa wanafunzi wake. Anasema darasa halijawahi kuwa na kelele vile.

Aprili

Pasaka ya Kiyahudi imeanza jioni ya tarehe 1, ya Wakristo ikawa Jumapili tarehe 5. Zimekaribiana, watu wamefurahi. Tukampa mzee mmoja wa kanisa rasimu ya mwaka ujao, na jioni ile ile akanipigia.

"Mwanangu, hii kalenda yenu imeharibika. Pasaka ya 2027 ni Machi 28. Nyinyi mmeandika Aprili 22."

"Shikamoo mzee. Haijaharibika. Wenzetu mwakani wana Adari mbili."

Tulikaa kwenye simu hadi salio likakata. Kanisa hupata Pasaka yake kwa mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, na 2027 mwezi huo ni Machi 22. Wayahudi, kwa ule mwezi wa nyongeza, wanaichukua Nisani, mwezi wao wa Pasaka, inayofuata. Hivyo mlo wa Pasaka utakuwa usiku wa kuamkia Aprili 22, yaani jioni ya Jumatano, Aprili 21, karibu mwezi mzima baada ya Wakristo kuimba amefufuka. Mzee ameomba tuliandike hilo wazi. Tumeliandika, kwa herufi nene.

Kisanduku cha Pasaka ndicho kilichotukalisha kuliko vyote. Siku nane nje ya Israeli (saba ndani), na nyumbani hakutakiwi kubaki chachu hata chembe: ngano, shayiri, rai, oti (oats) au ngano ya kale iliyokutana na maji ikaachwa kuumuka. Mkate wa siku hizo hukandwa na kuokwa ndani ya dakika 18, la sivyo umeshahesabiwa kuwa umechacha. Mezani kuna mboga chungu, maji ya chumvi, vikombe vinne vya divai, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu si kama mwingine. Baba hajibu kwa nadharia. Anasimulia utumwa wa Misri kana kwamba yeye mwenyewe alitoka huko, kwani ndivyo alivyoamriwa kujiona.

Mchoraji akauliza swali ambalo kila Mswahili angeuliza: ugali je? Mahindi si mojawapo ya nafaka zile tano, kwa hiyo kwa asili ya sheria hayana chachu. Lakini Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa karne nyingi walijizuilia pia mchele, maharage na baadaye mahindi, kwa hofu ya kuchanganya unga. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, hawakufungwa na hilo. Mwaka 2015 marabi wa mrengo wa Konsavativu nchini Marekani wakawafungulia Waashkenazi wao. Jibu la kisandukuni limekuwa: "Ugali: inategemea desturi ya jamaa yako, muulize rabi."

Kumbukumbu moja ya kazi nisiiache. Kila nikibadilisha msimbo huwa naupima kwa tarehe zinazojulikana. Nikaingiza Aprili 11, 1979, siku majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoiteka Kampala. Programu ikajibu: 14 Nisani 5739. Yaani jua lilipozama siku hiyo, Pasaka iliingia.

Hapo nikakumbuka Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda walioko Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alitahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuanzisha jamii hiyo kwa kuifuata Biblia kama alivyoisoma mwenyewe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Watu wakasali kwa kujificha, wengi wakahamia dini nyingine, wakabaki wachache. Wazee wao husimulia kwamba uhuru wao ulikuja kesha la Pasaka, na nilidhani ni namna tu ya kupamba simulizi. Kumbe ni tarehe. Tumeitia kwenye ukurasa wa Nisani, na mzee wa Nairobi kaipitisha bila kubadili neno.

Mei

Saa. Hapa programu imeanza kuwa na faida kwa mtu.

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kama usiku wetu wa kuamkia Ijumaa ulivyo sehemu ya Ijumaa kwa bibi zetu. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya machweo (Yerusalemu wana desturi ya dakika 40). Kwa Nairobi machweo hucheza kati ya saa 12:20 jioni mwanzoni mwa Novemba na kama saa 12:50 mwezi Februari, na Mbale huchelewa kwa dakika kumi hivi. Basi. London, Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni na Juni ni baada ya saa 3 usiku; Myahudi wa huko lazima awe na jedwali. Wa Nairobi angeweza kukariri.

Sabato huisha nyota tatu zikionekana. Kwetu jua hutumbukia wima, giza halina mbwembwe: nikipima kwa jua kuwa nyuzi 8.5 chini ya upeo, ni nusu saa na ushei, wakati London katikati ya Juni ni zaidi ya saa nzima. Wengine huongeza dakika 72 bila kujali mahali. Programu inatoa zote mbili.

Halafu kuna jambo ambalo ningelilipia kiingilio kulisikia. Katika sheria yao, mchana hugawanywa mafungu 12 kuanzia mawio hadi machweo, na saa huhesabiwa kutoka mawio. Wito wa Shema, ule unaotangaza kwamba Mungu wa Israeli ni mmoja, husomwa asubuhi na jioni kila siku. Mwisho wa kuusoma asubuhi ni lini? Rabi Yoshua anasema katika Mishna: hadi saa tatu, kwani watoto wa wafalme huamka saa tatu. Mwingereza akisoma hapo inabidi apige hesabu. Mswahili anasoma saa tatu na anaelewa saa tatu, asubuhi, chai imeshanywewa. Kwa kuwa hapa ikweta mchana haurefuki wala haupungui kwa maana, fungu moja ni dakika 60 na kidogo mwaka mzima, na mwisho wa saa ya tatu kwa Nairobi huangukia kati ya saa 3:13 na 3:44 asubuhi. Nimeweka saa zote za programu kwa hesabu ya Kiswahili na nimekataa katakata ombi la kuongeza ile nyingine.

Tatizo la ubunifu: programu ya Sabato haiwezi kutumika siku ya Sabato. Kati ya aina 39 za kazi zilizokatazwa kuna kuwasha moto, kuandika, kufuta, kusaga, kukanda, kufunga fundo, kubeba kitu nje. Na washika sheria hawagusi simu tangu mishumaa hadi nyota, isipokuwa kuna maisha ya kuokoa, maana hapo amri huwekwa kando. Kwa hiyo kengele italia Ijumaa mchana, ikitaja saa ya mishumaa na saa ya kumalizika, kisha ikae kimya. Kalenda ya karatasi ndiyo itakayofanya kazi Jumamosi. Mwalimu alipolisikia hili alijiona ameshinda hoja ya Januari, sijui vipi.

Juni

Michoro imekuja, mizuri sana. Marekebisho machache tu. Kibanda cha sikukuu ya Vibanda kilichorwa na mabati: hakifai, paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, kama matawi ya mnazi, tena kivuli kizidi jua. Sahani ya Sabato ilikuwa na kamba na pweza, sadaka ya mchoraji kwa Mombasa. Tumetia changu. Samaki wa Kiyahudi sharti awe na mapezi na magamba, na kwa hiyo kambare naye hapiti. Mnyama ni mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, achinjwe kwa kisu kisicho na pengo, damu itolewe kwa chumvi, na nyama isikutane na maziwa. Ngamia, halali kwa jirani zangu, kwao ni haramu.

Ukurasa wa kwanza una suala lake. Mwaka mpya 5787 unaingia Ijumaa jioni, Septemba 11, mishumaa ya Nairobi ikiwa kama saa 12:14, na siku yake ya kwanza ni Sabato. Pembe ya kondoo dume, ambayo ndiyo roho ya siku hiyo, kwa desturi ya wengi haipulizwi Sabato ikiangukia hapo. Itasikika Jumapili tarehe 13. Siku ya Upatanisho ni Jumatatu tarehe 21: saa 25 bila kula, kunywa, kuoga wala kuvaa viatu vya ngozi. Vibanda inaanza tarehe 26, Sabato tena. Mwishoni mwa hiyo, Oktoba 3, wanaanza kumtaja Mungu katika sala kuwa mwenye kushusha mvua, kwa kufuata misimu ya nchi ya Israeli, na huacha siku ya kwanza ya Pasaka. Kwetu vuli inaingia Oktoba, inakubali. Masika inaanza kumwaga Aprili wao wakiacha.

Hanuka (kuanzia jioni ya Desemba 4) na Purimu (Machi 23) nimezipitia haraka. Kila mtu anazielewa akiona mchoro wa taa na wa vinyago.

Mzee wa Nairobi kaukataa ukurasa mmoja. Mchoraji alikuwa ameandika Jina la Mungu la herufi nne kwa Kiebrania, kwa mkono, kazi ya kutukuka. Mzee akauliza: kalenda ya ukutani, mwaka ukiisha, huenda wapi? Sote tunajua: kufungia maandazi. Karatasi yenye Jina hilo haitupwi wala haichomwi, huwekwa ghala maalumu la sinagogi na baadaye kuzikwa. Ghala la namna hiyo Cairo ya kale, katika sinagogi la Ben Ezra, lilikaa karne nyingi bila kuzikwa, na vipande karibu laki mbili viko Cambridge sasa: mikataba ya ndoa, sala, barua za wafanyabiashara wa Aden na India, hata mazoezi ya watoto ya kuandika. Tumeweka nyota badala ya Jina. Mchoraji amenuna, lakini atapoa.

Julai

Tarehe 23 ilikuwa siku ya 9 ya mwezi wa Avi, siku ya kufunga kwa ajili ya Hekalu lililobomolewa mara mbili, mara ya pili na Warumi mwaka 70. Tumesoma rasimu ya mwisho siku hiyo kwa bahati tu. Imepita.

Limekuja ombi la siku ya uhuru wa Israeli. Nimeitia kwa herufi ndogo kwenye mwezi wa Iyari, na maelezo kwamba masinagogi mengi huiadhimisha na baadhi hayaiadhimishi. Zaidi ya hapo kalenda hii haisemi.

Bei ya ukurasa wa 13 imekubaliwa. Nakala za kwanza zinatakiwa ziwe Nairobi kabla ya mwisho wa Agosti.

Kilichobaki ni kipengele alichoomba mzee mwenyewe: kukumbusha siku aliyofariki mzazi kwa tarehe ya Kiebrania, ili mtoto awashe mshumaa wa saa 24 na kusema sala ya Kadishi, inayohitaji jamaa ya watu wazima kumi (wanaume kwa Waorthodoksi, mirengo mingine huhesabu na wanawake). Fomu inauliza tarehe ya kawaida na kama ilikuwa kabla au baada ya jua kuzama, kwa sababu baada ya hapo ni kesho yake. Hilo nimemaliza. Ninaloshughulikia sasa ni aliyefariki Adari ya mwaka wa kawaida: mwaka mrefu kama huu ujao, akumbukwe Adari ya kwanza au ya pili? Waashkenazi wengi hushika ya kwanza, Wasefaradi ya pili. Programu itamwachia mtumiaji achague, na haitachagua kwa niaba yake hata akiacha nafasi wazi.